Hadithi za Kihistoria za Watoto Kuhusu Ajali za Baharini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyomo hapa ni yale ambayo wazazi, walimu na waandishi chipukizi wa Dar es Salaam huyarudia kila inapozungumzwa aina hii ya hadithi. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yanayowahusu wachache, na palipo na jambo lililokwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa kwenye swali husika.

## Mambo ya msingi

Hadithi ya aina hii ni ipi hasa?

Ni hadithi ya kubuni, iliyoandikwa kwa mtoto anayejua kujisomea, ambayo humchukua mhusika wa rika lake na kumweka ndani ya ajali ya chombo iliyotokea kweli. Mtoto huyo hakuwahi kuwapo duniani, lakini chombo kilikuwapo, kiling'oa nanga siku inayojulikana, kikazama mahali panapojulikana, na kuna watu waliookoka wakasimulia. Msomaji mdogo hufuata safari ya mwenziwe kuanzia kupanda chombo hadi kufika nchi kavu, na njiani hupokea historia bila kuhubiriwa.

Nini kinaruhusiwa kubuniwa, na nini hakiruhusiwi?

Mtoto, familia yake, mazungumzo yake na hofu zake hubuniwa. Tarehe, njia, hali ya hewa, idadi ya watu, muda uliopita kabla ya chombo kuzama na, zaidi ya yote, sababu ya kuzama, havibuniwi. Mwandishi anayebadilisha sababu ya ajali ili kisa kinoge, kwa mfano kwa kuleta wimbi kubwa la ghafla mahali ambapo ukweli ni kwamba chombo kilijazwa kupita kiasi, amemnyima mtoto kile ambacho hadithi ilipaswa kumpa. Ajali nyingi za vyombo huanzia gatini, saa kadhaa kabla ya kamba kufunguliwa: mtu ameuza tiketi za ziada, mwingine amefumba macho, shehena imepangwa vibaya. Kwa hiyo kipimo chetu cha kitabu kizuri ni kimoja. Mtoto akimaliza kusoma, je, anaweza kueleza kwa maneno yake kwa nini chombo kile kilizama?

Ajali za ziwani nazo zimo?

Zimo. Mtoto wa Mwanza anayesoma juu ya MV Bukoba, iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 na kuua watu zaidi ya 800, anasoma hadithi ya aina ile ile, ingawa maji yake hayana chumvi.

Kwa nini vitabu vingi vinahusu Titanic?

Sababu ya kwanza ni kwamba ajali hiyo ilichunguzwa na mabaraza mawili, la Marekani na la Uingereza, katika mwaka ule ule wa 1912, na ushahidi wa manusura ukachapishwa. Mwandishi hahitaji kukisia mashua ipi iliteremshwa lini. Sababu ya pili ni muda. Meli iligonga mwamba wa barafu saa 5:40 usiku wa tarehe 14 Aprili na ikazama saa 8:20 usiku huo huo, yaani saa mbili na dakika arobaini ambazo zinatosha mhusika apotee, atafutwe, aonekane na aamue. Lusitania, iliyopigwa kombora na nyambizi ya Ujerumani tarehe 7 Mei 1915, ilizama kwa dakika 18 tu, na ni vigumu mno kuujaza muda huo kwa sura kumi bila kudanganya.

Sababu ya tatu haisemwi mara nyingi. Manusura wa mwisho wa Titanic alifariki mwaka 2009, hivyo mwandishi hawezi tena kukutana na mtu wa kumwambia kwamba haikuwa hivyo. Jambo hili tunalirudia katika swali la ajali za karibuni.

Pamoja na wingi wake, vitabu hivyo vina manufaa ya kweli, kwa kuwa hesabu za Titanic ni somo zuri kwa mtoto wa darasa la tano. Meli ilikuwa na mashua 20 za kuokolea zenye nafasi ya watu 1,178, na ndani yake mlikuwa na watu wapatao 2,200. Hakuna sheria iliyovunjwa, kwa kuwa kanuni za Uingereza za wakati ule zilihesabu mashua kwa ukubwa wa meli, na kiwango cha juu kilikuwa kimewekwa kwa meli za tani 10,000 na zaidi, ilhali Titanic ilizidi tani 46,000. Hata nafasi hizo chache hazikujazwa: mashua moja yenye uwezo wa kubeba watu 40 iliondoka na 12. Waliokufa walikuwa wapatao 1,500. Watoto wa daraja la pili waliokoka wote, ila wa daraja la tatu waliokoka karibu theluthi moja. Mtoto akiachiwa takwimu hizi mwenyewe huuliza maswali makali kuliko yaliyoandikwa nyuma ya kitabu.

## Kumchagulia mtoto kitabu

Mtoto aanze akiwa na umri gani?

Wengi huwa tayari kati ya miaka 8 na 12, yaani darasa la tatu hadi la saba. Umri peke yake hautoshi, hata hivyo. Angalia kama mtoto anaweza kusikiliza habari ya kifo katika hadithi nyingine bila kuziba masikio, na kama anaelewa kwamba mhusika ni wa kubuni wakati ajali si ya kubuni. Aliye chini ya hapo asomewe, na anayemsomea awe huru kuruka aya.

Hataota ndoto mbaya?

Anaweza kuota. Lakini watoto wa mji huu wamezungukwa na habari hizi tayari: wanazisikia redioni, wanaona picha kwenye simu za wakubwa, na wanajua kwamba mjomba alipochelewa kufika Unguja nyumba nzima haikulala. Kitabu kilichoandikwa vizuri huwapa mpangilio wa kile ambacho vinginevyo hukipata vipande vipande. Kinachoogofya zaidi ni picha ya maiti isiyo na maelezo kuliko sura nzima inayoeleza jinsi watu walivyoelea, walivyoitana gizani na walivyofikiwa.

Soma kwanza wewe mwenyewe, hasa sura mbili za mwisho. Epuka vitabu vinavyotumia vifo kama mapambo, ambamo mtu hufa kwa sababu tu ukurasa ulihitaji msisimko.

Je, hadithi lazima iishe vizuri?

Mhusika mkuu huokoka karibu kila mara, na hilo ni desturi njema. Asiwaokoe wote aliowapenda. Kitabu ambacho familia nzima, mbuzi na kasuku hukutana tena ufukweni baada ya ajali iliyoua mamia kinamfanya mtoto aone kwamba waliokufa walikosa ujanja.

Vitabu hivi hupatikana wapi Dar es Salaam, na je, vipo vya Kiswahili?

Pa kuanzia ni Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, yenye sehemu ya watoto. Wauza vitabu vya mitumba wanaopanga bidhaa zao kando ya barabara za katikati ya jiji huwa navyo vya Kiingereza, kwa bei ya kupatana. Vya Kiswahili ni vichache, na ni vema kukiri hivyo badala ya kumzungusha mzazi madukani. Wengi wetu tunatumia njia ya zamani: mkubwa anasoma sura ya Kiingereza mchana, na jioni anaisimulia kwa Kiswahili. Katika kusimulia, mambo yasiyomgusa mtoto wa Temeke huanguka yenyewe, na yanayomgusa hupata nafasi.

## Kusoma pamoja na kufundisha

Nimwulize mtoto maswali gani baada ya kusoma?

Muulize nani aliamua nini kabla ya safari. Kisha muulize ni wakati gani mambo yangeweza kugeuzwa. Maswali ya "ulijisikiaje" yaje mwisho, au yasije kabisa. Mtoto akiwa na la kusema juu ya hofu atalisema akiwa anaosha vyombo.

Kuna mahali pa kumpeleka ili aelewe zaidi?

Kivuko cha Magogoni–Kigamboni ni darasa la karibu na la bei nafuu. Mwonyeshe ubao unaotaja idadi ya abiria, mahali yalipowekwa majaketi ya kuokolea na maboya, na jinsi magari yanavyopangwa ili uzito usiegemee upande mmoja. Mwache ahesabu. Kisha mpeleke Kunduchi au Msasani kwenye soko la samaki, akaone ngalawa na mashua zikiwa zimepandishwa mchangani, aushike mkuku, ule uti wa chini wa chombo, na kuuliza maji ya ngama, yanayojikusanya chini ndani ya chombo, hutolewaje. Wavuvi wana subira kwa watoto kuliko kwa watu wazima wenye kamera.

Kwa wanaosoma habari za vyombo vya kale, Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yanafaa kwa historia ya pwani kwa jumla. Zamani ungeshauriwa pia uvuke hadi Unguja kuona mfano wa mtepe, jahazi la mbao zilizoshonwa kwa kamba bila misumari, ndani ya Beit al-Ajaib, lakini sehemu ya jengo hilo iliporomoka Desemba 2020.

Hadithi hizi humfundisha mtoto usalama wa kweli?

Zile zilizo aminifu kwa sababu za ajali, ndiyo. Linganisha vyombo vitatu vya kwetu. MV Spice Islander I, iliyozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, iliruhusiwa kubeba watu wapatao 645, na tume ya uchunguzi ilibaini kwamba ndani yake mlikuwa na zaidi ya 2,000. MV Skagit, iliyoondoka Dar es Salaam tarehe 18 Julai 2012 na kuzama karibu na Chumbe, ilikuwa imejengwa Marekani kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya Puget Sound, ghuba ya jimbo la Washington, kisha ikapelekwa kwenye mlango wa bahari kati ya Dar es Salaam na Unguja wakati kusi linavuma. MV Nyerere, iliyopinduka karibu kabisa na gati la Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ilikuwa na nafasi ya watu 101, na waliokufa peke yao walikuwa 228.

Mtoto aliyeyaelewa haya hahitaji kufundishwa ushujaa. Anahitaji kujua kwamba anaweza kumwambia mama yake, "Hiki kimejaa, tusubiri kingine." Tunawaomba walimu walitilie mkazo hilo kuliko kuogelea, ingawa kuogelea nako kufundishwe.

Je, kitabu chenye makosa ya kihistoria kitupwe?

Hapana. Kisomwe pamoja na penseli. Kutafuta makosa huwafurahisha watoto, na darasa zima linaweza kupewa kazi ya kulinganisha sura moja na habari za magazeti ya wakati huo. Kitupwe tu kile kinachodanganya sababu ya ajali au kinachowadhalilisha watu wa kabila, dini au daraja fulani kwa kuwafanya waoga wa kuzaliwa.

## Kwa wanaotaka kuandika

Ni matukio gani ya pwani yetu yangefaa?

Yapo mengi kuliko tunavyodhani, na hapa ndipo tungetamani waandishi wetu waelekeze kalamu. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Zanzibar, ikavunja karibu merikebu zote za Sultani Barghash zilizokuwa bandarini, pamoja na majahazi mengi, na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, huku Pemba ikiachwa karibu salama. Kipupwe, vuli na masika tunavizoea, lakini tufani kamili katika latitudo yetu ni nadra, na ndiyo maana hakuna aliyejiandaa. Mtoto aliyekuwa akilala ndani ya jahazi la babake usiku ule angekuwa mhusika mzuri mno. Aprili 1952 tufani nyingine iliipiga Lindi, na Mei 2024 wakazi wa Dar es Salaam walishuhudia boti za Unguja zikisimamishwa kwa sababu ya Kimbunga Hidaya, kwa hiyo msomaji wa leo ana kipimo cha kulinganishia.

Ukirudi nyuma zaidi, Vasco da Gama aliiteketeza merikebu yake São Rafael mwaka 1499 kwenye miamba ya upande wa Tanga, kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Tukio hilo husimuliwa kwa macho ya Wareno siku zote. Hakuna kinachozuia lisimuliwe na mtoto wa wavuvi aliyeuona moshi. Vita ya Kwanza ya Dunia nayo ilileta manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyotoka bandari yetu siku chache kabla ya vita na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus mbele ya mji wa Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Na kwa atakaye chombo chenye mwisho usiotarajiwa, ipo Liemba ya Ziwa Tanganyika: Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927.

Ajali ya karibuni inaweza kuitwa ya kihistoria?

Kwa mtoto aliyezaliwa mwaka 2015, ajali ya mwaka 1996 ni historia kama ilivyo ya 1872. Kwa bibi yake huenda ni jana. Maoni yetu ni kwamba MV Bukoba sasa inaweza kuandikwa, kwa tahadhari, na kwamba ajali za 2011 na baada ya hapo zisubiri, au ziandikwe na watu wa familia zilizoguswa. Usitumie jina la marehemu au manusura yeyote halisi asiye mtu wa umma. Usichukue kisa kilichosimuliwa msibani na kukivalisha mhusika wako. Vilevile pima undani: habari ya matundu yaliyotobolewa kwenye MV Bukoba kwa nia ya kuwatoa waliokwama, na jinsi hewa ilivyotoka na meli ikazama moja kwa moja, ni ya kweli na ni ya lazima kwa mtu mzima anayetaka kujua. Katika kitabu cha mtoto wa miaka 9 inahitaji mkono mwepesi sana.

Makosa yanayojirudia kwenye miswada ni yapi?

La kwanza ni jua kuzama baharini mbele ya Dar es Salaam. Bahari yetu iko mashariki. Jua linachomoza huko, na anayetaka kuliona likizama majini avuke hadi Mji Mkongwe. La pili ni baridi. Waandishi waliolelewa na Titanic huwatetemesha wahusika wao hadi kufa ndani ya dakika chache, jambo lililokuwa kweli katika maji yaliyo chini ya nyuzi sifuri, lakini maji ya kwetu huwa kati ya nyuzi 25 na 30. Huku mtu huishiwa nguvu polepole, huchomwa na jua, hushikwa na kiu, na huchukuliwa na mkondo unaoelekea kaskazini, ambao wakati wa kusi huwa na kasi. Waliookoka Nungwi mwaka 2011, wengine wakiwa wamejishikiza kwenye magodoro, walishindana na mkondo kuliko baridi.

La tatu ni pepo. Jahazi la Arabuni huja na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, na hurudi na kusi. Ukilileta Julai kutoka Muscat, msomaji wa Mafia atakifunga kitabu chako. La nne ni papa, ambao katika miswada hujitokeza kila sura ya sita. Waondoe.

Mhusika wangu mtoto anaweza kuokoa watu?

Anaweza kumwokoa mmoja, au kutoa taarifa iliyosaidia. Asiwe nahodha wa ghafla. Mtoto aliyeona kwamba maji ya ngama yameongezeka akamwambia baharia, asisikilizwe, ana nguvu zaidi katika hadithi kuliko aliyeshika usukani.

Nitafute wapi ushahidi?

Ripoti za tume za uchunguzi, magazeti ya zamani katika Maktaba Kuu na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hifadhi ya Nyaraka za Zanzibar kwa mambo ya karne ya 19. Kisha wazee wa bahari, ambao watakusahihishia istilahi za tezi (nyuma ya chombo), omo (mbele yake), foromali (boriti ya tanga) na mrengu (boriti ya ubavuni mwa ngalawa) bila kukutoza kitu, ila usiende siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, wanapokuwa na kazi.

## Hali zisizo za kawaida

Mtoto ameuliza kwa nini Mungu aliwaacha wale wafe. Nijibuje?

Jibu kwa imani ya nyumba yenu, kwa ufupi, kisha rudi kwenye kitabu. Wako wazazi wanaomaliza mazungumzo kwa kusema "ni kudra", na neno hilo lina nafasi yake msibani. Lakini hadithi imemwonyesha mtoto watu waliojaza chombo, na akiambiwa kwamba hakuna aliyehusika ataona kwamba mojawapo si kweli. Yote mawili yanaweza kusemwa kwa mtoto yule yule, jioni ile ile.

Baada ya kusoma, mtoto hataki kupanda boti ya Unguja. Nifanyeje?

Usimcheke na usimburute. Fika naye bandarini mapema, siku ya bahari tulivu kama inawezekana, na umwache afanye ukaguzi wake: majaketi yako wapi, milango ya kutokea iko wapi, abiria wanahesabiwa au hawahesabiwi. Mtoto aliyepewa kazi hutulia. Akikataa bado, ahirisha kama safari inaahirishika. Woga ukiendelea kwa wiki kadhaa na ukagusa usingizi au chakula, zungumza na mhudumu wa afya.

Darasani nina mwanafunzi aliyefiwa na mzazi katika ajali ya majini. Nisome kitabu cha aina hii?

Zungumza kwanza na mlezi wake, faraghani, kabla hujataja jina la kitabu darasani. Mlezi akikataa, chagua kisa kingine na usimweleze mtu yeyote sababu. Akikubali, mwambie mtoto mwenyewe siku moja kabla, umweleze ni chombo gani na kinaishia vipi, na umpe ruhusa ya kutoka bila kuomba. Anza na ajali ya mbali kwa wakati na mahali. Tufani ya 1872 inafaa kuliko meli yoyote ambayo nyumbani kwao bado kuna picha yake. Kazi ya kuandika ya siku hiyo isiwe ya kujifanya mhanga au manusura. Wape wanafunzi wote kazi ya kuchora chombo na kuonyesha mizigo ilipaswa kukaa wapi.